Kupanda Rabai kwa miguu kutoka Mazeras: mwongozo wa anayeanza

Kila likizo ikikaribia maswali ni yale yale. Ni mbali? Kuna wanyama wakali? Lazima niwe na mtembezaji? Watoto wataweza? Na lile jiwe lenye umbo la gogo, naruhusiwa kulibeba nyumbani? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa safari yenyewe, kuanzia unapopanda matatu Mombasa hadi unaporudi.

Majibu ya haraka kwanza. Kutoka Mazeras hadi Rabai ni karibu kilomita 5 kwa barabara ya lami ya Kaloleni. Simba na ndovu hakuna. Utakutana na mbuzi, ng'ombe na watoto wa shule. Barabarani na kwenye makumbusho si lazima uwe na mtembezaji, lakini kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, huingii bila mwenyeji. Mtoto wa miaka minane aliyezoea kutembea anaweza. Jiwe hubebi, na sababu utaiona hatua ya 6.

Jambo moja wageni hulikosea karibu wote: wanakiona kilima ni kidogo, wanakidharau. Mazeras yenyewe iko juu ya bahari kwa mita mia na kitu, na kutoka hapo ni mabonde na miinuko midogo ya nyasi, minazi, mikorosho na miembe. Hakuna pa kukwea kwa mikono. Kinachowaangusha watu ni jua la saa tano wakiwa na nusu chupa ya maji.

Vitu vya kuwa navyo

- Maji lita 2 kwa kila mtu mzima. Ukija kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, fanya lita 3.
- Chumvi na sukari ndani ya karatasi: nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 6 vya chai vya sukari. Hiyo ni ya kuchanganya na lita moja ya maji mtu akizidiwa na joto. Pima nyumbani, usije ukakisia njiani.
- Viatu vya kufunika vidole, soli ya mpira yenye meno. Ndara na makubadhi yaache. Miiba na vipande vya mawe vitakukomesha.
- Suruali ndefu au dera lisiloburura. Nyasi za kiunoni zina kupe, na vichakani kuna upupu.
- Kofia au mwavuli. Mwavuli ni bora kuliko watu wanavyofikiri, ila si siku ya radi.
- Leso moja au kikoi kwa kila mtu. Ni cha kukalia, cha kulowesha maji, na cha kujifunga ukitakiwa kujisitiri.
- Kichupa cha siki, vijiko viwili tu vinatosha, na kipande cha jiwe la matumbawe kidogo kama kidole gumba. Ukiwa kisiwani au Nyali kiokote palipobomolewa ukuta wa zamani.
- Kioo cha kukuzia, au simu yenye kamera nzuri, iliyojaa chaji na yenye dira.
- Pesa taslimu za noti ndogo, za nauli, za makumbusho na za wazee. M-Pesa inafanya kazi lakini mtandao hukatika mabondeni.

Nyundo usibebe. Wanaokuja na nyundo ya mawe huishia kuulizwa maswali na wenye mashamba, na wana haki ya kuuliza.

Wakati wa kwenda

Julai hadi Septemba ndiyo miezi mizuri: upepo wa kusi unapuliza, joto limepungua na nyasi bado zina rangi. Januari na Februari ni kukavu na mawe yanaonekana vizuri zaidi kwa kuwa nyasi zimelala, ila joto ni kali. Masika, hasa Mei, achana nayo: vijia vinageuka matope na jiwe lenye ukungu linateleza kama sabuni. Vuli ya Oktoba na Novemba inawezekana ukimaliza kabla ya alasiri.

Saa ya kuanza kutembea Mazeras ni saa moja asubuhi. Ukianza saa tatu umeshachelewa. Kutembea peke yake, pamoja na kusimama kuangalia mawe, kunachukua saa mbili hadi mbili na nusu. Ongeza saa moja ya makumbusho, na saa moja na nusu ya kaya ikiwa umepewa ruhusa.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta ruhusa ya kaya siku moja au mbili kabla.

Kaya za Rabai (Mudzimuvya, Bomu na Fimboni) ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Ni mahali pa ibada pia, na wenyewe ni wazee wa kaya. Njia iliyo rahisi ni kuulizia kwenye makumbusho ya Rabai wakuunganishe na mzee au mtembezaji anayekubalika. Uliza mambo matatu: siku hiyo kaya inafunguliwa? Mchango ni kiasi gani na anapewa nani? Mavazi gani yanatakiwa? Wamijikenda wana hesabu yao ya wiki ya siku nne, na siku zote hazilingani kwa mambo ya kaya. Kwa hiyo usidhani Jumamosi yako ya mapumziko itawafaa na wao.

Kosa la kawaida: kufika kilimani, kumdaka kijana wa boda boda na kumwambia "nipeleke kayani". Atakupeleka hadi ukingoni, mtafukuzwa wote wawili, na yeye ndiye atakayebaki na aibu kijijini.

2. Toka Mombasa mapema, kaa dirishani.

Magari ya Mariakani yanapita Mazeras. Mwambie makanga mapema kwamba unashuka hapo. Ukiwa Changamwe au Miritini unayadaka barabara kuu ya Nairobi. Anayetoka Diani au Ukunda anaweza kupitia Dongo Kundu bila kugusa feri.

Kukaa dirishani kuna maana yake. Nusu ya somo la mawe iko kwenye safari hii, na ukilala umeikosa. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe yaliyokufa: miamba ya bahari ya takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, imesimama juu ya jiwe hilo na imejengwa kwa jiwe hilo hilo.

Ukishavuka Makupa na kuanza kupanda Changamwe, matumbawe yanakwisha. Hapo chini kuna mawe ya udongo yenye tabaka nyembamba kama kurasa za msahafu wa zamani, yaliyotuama chini ya bahari miaka milioni 150 hivi iliyopita. Ndani yake kumepatikana amoniti, wale viumbe wa baharini wenye kombe lililojiviringisha, waliotoweka pamoja na dinosaria. Angalia kingo za barabara zilizochimbwa: udongo wa kijivu unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua. Mtu aliyejenga nyumba huko bila msingi wa maana anakujua kupasuka huko kuliko mtaalamu yeyote.

Kisha gari linapanda tena, udongo unageuka wa mchanga, na mawe yanakuwa ya manjano na kahawia. Umeingia kwenye mawe ya mchanga ya Mazeras, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Yaani kadiri unavyoiacha bahari nyuma unarudi nyuma kwenye wakati, na umefanya hivyo kwa nauli ya matatu.

3. Shuka Mazeras, jaza kila kitu hapa.

Nunua maji sasa. Kunywa chai, kula mahamri au viazi karai, nenda msalani. Kati ya hapa na Rabai kuna vibanda, lakini usiweke roho yako kwenye kibanda ambacho mwenyewe huenda ameenda matangani.

Tupia jicho reli ya zamani. Ulazaji wa reli ulianza Kilindini mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Mazeras ilikuwa kama kizingiti: nyuma yako minazi na kijani, mbele yako nyika kavu ya Taru, ambayo misafara ya wapagazi iliiogopa kwa kukosa maji miaka mingi kabla ya treni.

Jina la mji huu pia unalikanyaga kila siku bila kujua. Yale mawe bapa yanayotandazwa kwenye vibaraza na njia za bustani Kenya nzima mafundi huyaita "mazeras". Tahadhari ndogo kwa wanaopenda usahihi: mengi ya yale mawe bapa hutoka kwenye tabaka za upande wa Mariakani, ambazo punje zake ni ndogo na hupasuka kama mbao. Jiwe la Mazeras lenyewe, utakalolikuta mbele, ni la punje kubwa na halipasuki vizuri hivyo.

4. Shika barabara ya Kaloleni.

Ukitoka Mombasa, barabara hii inachepuka kulia kutoka barabara kuu. Tembea upande wa kulia, ukitazamana na magari yanayokuja. Barabara ni nyembamba na ina kona, na boda boda hawapungui. Mkiwa wengi tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, mtu mzima mbele na mtu mzima nyuma, watoto katikati.

Mwendo wako uwe ule wa kuweza kuzungumza bila kuhema. Kila dakika 20 simama kivulini, kunywa mafunda manne au matano hata kama huna kiu. Ukingoja kiu umeshachelewa.

5. Kwenye mkato wa kwanza wa mwamba, fanya vipimo vitatu.

Chagua mahali ambapo barabara imekata kilima na jiwe liko wazi, lakini kuna nafasi ya kusimama mbali na lami. Kabla ya kukaribia, angalia juu: kama kuna jiwe linaloning'inia au udongo uliomomonyoka karibuni, nenda mkato mwingine.

Kipimo cha siki. Kwaruza kipande chako cha matumbawe mpaka kitoe unga, dondoshea siki. Kitatoa mapovu madogo; sogeza sikio utasikia hata sauti. Sasa fanya vivyo hivyo kwenye mwamba ulio mbele yako. Kimya. Matumbawe ni chokaa, na chokaa huchemka kwa asidi. Jiwe la mchanga ni punje za madini magumu ya kwatzi na nyinginezo, siki haizifanyi kitu. Kosa la kawaida ni kudondoshea juu ya vumbi la saruji au kwenye ukuta uliojengwa kando ya barabara. Saruji nayo inachemka, na mtu anarudi akitangaza kwamba Rabai kuna matumbawe. Futa jiwe kwanza kwa kitambaa, na hakikisha ni mwamba wa asili.

Kipimo cha punje. Sugua jiwe kwa kidole gumba juu ya karatasi nyeupe, kisha linganisha punje zilizoanguka na sukari ya chai. Nyingi zitakuwa sawa na sukari au kubwa kuliko sukari. Punje kubwa hivyo hazisafirishwi na maji yaliyotulia. Zimeburutwa na mto wenye nguvu. Zile nyeupe zinazovunjika kama chaki kwa ukucha zilikuwa madini ya feldispa yaliyooza kidogo kidogo mpaka yakawa udongo.

Kipimo cha mshazari. Rudi nyuma hatua tano, uangalie ukuta mzima wa jiwe. Utaona tabaka kubwa zilizolala karibu sawa, na ndani yake mistari midogo iliyoinama upande mmoja. Mto unaposukuma mchanga, punje hupanda mgongo wa tuta kisha huporomoka upande wa mbele, na kila maporomoko huacha mstari ulioinama kuelekea maji yanakokwenda. Toa dira ya simu, pima upande ambao mistari imeinamia, rudia mahali patano tofauti. Vipimo vikikubaliana, umeshajua mto uliokufa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita ulikuwa ukielekea wapi. Mimi hiki nakipenda kuliko vyote, na watoto pia wanakipenda, kwa sababu jibu linatoka mikononi mwao.

Wanaoanza hudanganywa hapa na mistari ya kutu. Maji yenye chuma hupenya ndani ya jiwe na kuacha pete na mawimbi ya rangi ya zambarau au kahawia. Jinsi ya kutofautisha: mstari wa kutu hukata punje bila kujali mpangilio wake, na mara nyingi hujipinda kama pete za kitunguu. Mstari wa tabaka una mabadiliko ya ukubwa wa punje, na unaweza kuusikia kwa ncha ya kidole.

6. Ukiona gogo la jiwe, liangalie, lipige picha, liache.

Mawe ya Mazeras yanajulikana kwa kuwa na miti iliyogeuka jiwe. Gogo lilizikwa na mchanga wa mto kabla halijaoza, kisha maji yenye silika, yaani madini yale yale ya kwatzi, yakajaza kila tundu la mbao mpaka ikabaki sura ya mti bila mti. Dalili zake: uzito unaoshangaza, nyuzi zinazokwenda upande mmoja kama za mbao, na palipovunjika hung'aa kama chupa. Kamera ya simu ikivutwa karibu wakati mwingine inaonyesha pete za ukuaji.

Usichanganye na mzizi uliofunikwa na matope makavu. Mzizi ukigonga kwa kucha unalia kama ubao; wa jiwe unalia kama kigae.

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe kama gogo hili, vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kuvichukua bila kibali ni kosa. Weka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha, hifadhi eneo kwenye ramani ya simu, na ukifika makumbusho waonyeshe. Kisukuku kilichookotwa bila kuandikwa kilikuwa tabaka gani ni pambo la sebuleni tu.

7. Ukitaka nyasi, omba njia.

Barabara ndiyo uti wa mgongo wa safari, ila utamu uko kwenye vijia vya miguu vinavyopanda migongo ya vilima. Karibu vyote vinapita kwenye shamba la mtu. Piga hodi kwenye nyumba ya kwanza, msalimie mkubwa kwa shikamoo, sema unakokwenda, uliza kijia kipi hakina mbwa. Ni dakika mbili. Ukikatiza kimya kimya utafuatwa, na utatumia dakika ishirini kujieleza.

Kwenye nyasi ndefu tembea ukikanyaga kwa kishindo, na tanguliza kijiti. Bafe, ambaye wengine humwita moma, hakimbii mtu kama nyoka wengine; hulala pale pale akitegemea rangi yake kumficha. Usikalie jiwe kabla ya kuangalia nyuma na chini yake. Mnazi wenye ngazi zilizokatwa shinani una mgema: usipite chini yake bila kuangalia juu, na usiguse kibuyu. Rabai ni nchi ya mnazi, na kibuyu kile ni mshahara wa mtu.

Ukifika mgongoni geuka nyuma. Siku isiyo na ukungu utaona mikono ya bahari inavyoingia ndani ya nchi kavu, yenye mikoko pembeni. Mabonde hayo yalichongwa na mito wakati bahari ilipokuwa chini zaidi. Bahari ilipopanda ikayajaza, na ndiyo maana Kilindini ina kina cha kupokea meli kubwa.

8. Rabai: anza na makumbusho, kisha kanisa.

Makumbusho ya Rabai yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ni madogo, lakini usiyapite. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na ndani ya miezi michache akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Agosti 1846 yeye na mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Zamani safari ilikuwa kwa mashua kutoka Mombasa kupitia mkono wa bahari, kisha kupanda kwa miguu, kwa hiyo miguu yako leo imekwepa sehemu mbaya zaidi.

Kutoka hapa Rebmann alikwenda bara na kuiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848; Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Wataalamu wa Ulaya waliwacheka: theluji kwenye ikweta? Rebmann alibaki Rabai hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Lakini usitoke ukidhani historia ya Rabai ni ya Wajerumani wawili. Uliza habari za watoro, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakakimbilia hapa. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 waliokimbilia vituo vya misheni walipewa hati za uhuru, baada ya kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani kuwalipa fidia waliokuwa mabwana zao. Uliza pia habari za William Jones, aliyekamatwa utotoni akauzwa, akakombolewa na kulelewa India, akarudi kuwa mhudumu wa kanisa Rabai. Mwaka 1885 alifuatana na Askofu Hannington kuelekea Buganda. Hannington aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyeurudisha msafara uliobaki, ukaingia Rabai Februari 1886.

Kanisa la Mtakatifu Paulo bado ni kanisa la watu. Jumapili asubuhi ni ibada, si matembezi. Siku nyingine omba ruhusa kabla ya kuingia. Ukiwa hapo, angalia kuta za majengo ya zamani na urudie kipimo cha macho: hili ni jiwe la hapa kilimani, au limeletwa kutoka pwani? Siki usitumie kwenye majengo, inaacha alama.

9. Kaya, ikiwa umepewa ruhusa.

Fuata mzee, usimtangulie. Vua kofia. Ukiambiwa uvue viatu, vua. Ukipewa kaniki, jifunge. Usiokote jani, jiwe wala kijiti, usikate kamba ya mti, usiegemee shina. Picha ni mpaka uambiwe, na mahali pengine hutaambiwa. Usiulize fingo limezikwa wapi: hilo ndilo linaloilinda kaya, na kuuliza ni utovu wa adabu. Sauti iwe ya chini. Mchango mpe yule uliyeelekezwa, kwa mkono wa kulia, si kwa kugawa noti kwa kila aliyesimama hapo.

Kaya zilianza kutangazwa kisheria kuwa kumbukumbu za taifa 1992. Misitu ya kandokando imekatwa na kulimwa, hii imebaki. Walioihifadhi ni hawa wazee na makatazo yao, karne nyingi kabla ya sheria.

10. Kurudi.

Rudi kwa gari. Matatu za Kaloleni hupita Rabai kuelekea Mazeras. Kushuka kwa miguu saa sita mchana hakuna faida yoyote. Mawe ni yale yale na kivuli hakipo. Usijaribu kushuka moja kwa moja hadi baharini kwa njia za mkato: mwisho wake ni tope la mikoko, na maji yakijaa hutapita.

Mambo yakienda kombo

*Kichwa kinauma, kichefuchefu, jasho jingi, miguu mizito.* Joto limekuingia. Kaa kivulini, legeza nguo, lowesha leso uweke shingoni na kwapani, inua miguu, kunywa ule mchanganyiko wa chumvi na sukari kidogo kidogo. Usiendelee kutembea siku hiyo hata ukijisikia umepona. Mtu akianza kuropokwa, au ngozi yake ikiwa ya moto na amepoteza fahamu, mmwagie maji mwili mzima mkimpepea, na mkimbizeni hospitali.

*Upupu.* Usijikune na usisugue na nguo. Unazidi kusambaza vinyweleo. Paka tope zito, liache likauke, libandue, rudia. Kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

*Kuumwa na nyoka.* Tulia, usitembee. Vua pete na saa kabla ya uvimbe. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Kiungo kisitikiswe, mtu abebwe hadi hospitali. Usipoteze muda kumsaka nyoka. Kukumbuka rangi na unene wake kunatosha.

*Kupe.* Jikague magoti, kiuno na kwapa ukifika nyumbani. Mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumzungusha. Mafuta ya taa na kiberiti havisaidii. Homa ikija ndani ya wiki mbili, mwambie daktari kwamba ulikuwa nyasini, asije akatibu malaria peke yake.

*Siki haichemki hata kwenye matumbawe.* Ama siki imezimuliwa, ama hukukwaruza jiwe likatoa unga. Jaribu maji ya ndimu yasiyoongezwa kitu.

*Dira inatoa majibu tofauti kila mara.* Simu iko karibu na chuma: gari, waya wa umeme, sumaku ya kifuniko chake. Toa kifuniko, sogea mbali na barabara, izungushe kwa mchoro wa namba nane kisha pima upya.

*Mvua imekushika mgongoni.* Shuka kwenye mgongo wa kilima, kaa mbali na mnazi au mwembe uliosimama peke yake, na ufunge mwavuli ukisikia ngurumo. Jiwe lililolowa usilikanyage likiwa na rangi ya kijani. Pita kwenye nyasi.

*Makumbusho yamefungwa au mzee hayupo.* Nunua dafu, kaa chini ya mwembe, uliza ni lini atakuwepo, na upande gari la kurudi. Kaya haina njia ya pembeni.

*Gari halipatikani Rabai.* Baada ya saa kumi na moja jioni magari hupungua, na jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Chukua boda boda hadi Mazeras, patana bei kabla ya kupanda, vaa helmeti. Mazeras ukishafika barabara kuu, gari la Mombasa halikosekani.